Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za fizikia: wekeni mshahara na deni kwenye ukurasa mmoja

Kwa: Wakuu wa vitivo vya sayansi na wakuu wa idara za fizikia, vyuo vikuu
Nakala: Wakurugenzi wa bodi na mifuko ya mikopo ya wanafunzi

YAH: TAARIFA ZA KIPATO NA DENI KWA WAOMBAJI WA SHAHADA YA FIZIKIA

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Tunawaandikia hadharani kwa kuwa njia ya kawaida tumeimaliza. Barua zetu za mwanzo zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na majibu yaliyorudi yalikuwa vipeperushi vilevile tulivyokuwa tunavilalamikia.

Sisi ni walimu wa fizikia na washauri wa masomo. Vijana wakikaa kujaza fomu za udahili na za mkopo, maswali yao yanatufikia sisi kabla hayajawafikia ninyi. Hatuna ugomvi na fizikia, tunaifundisha. Tunachogombea ni hiki: kijana wa miaka 18 anatia saini deni litakalomfuata miaka 10, pengine 25, akiwa ameonyeshwa upande mmoja tu wa hesabu. Mshahara ameuona kwenye kurasa zenu, tena kwa herufi kubwa. Deni hajaliona popote.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mshahara mnaoutangaza si wa shahada mnayoitangaza

Kipeperushi kinaandika kwamba wahitimu wa fizikia "hupata wastani wa" kiasi fulani, basi. Wahitimu wepi? Wangapi walijibu? Miaka mingapi baada ya kuhitimu?

Nchini Marekani, tafiti za American Institute of Physics zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi kwamba wenye shahada ya kwanza ya fizikia hugawanyika karibu nusu kwa nusu: wengine huingia kazini, wengine huendelea na masomo. Hawa wa pili hawana mshahara wa kuhesabiwa mwaka wa kwanza. Wakija kuhesabiwa miaka kumi baadaye, wengi wao wana uzamili au uzamivu. Kuuchukua mshahara wao na kuubandika kwenye tangazo la shahada ya kwanza ni kumuuzia mtu safari ya miaka minne kwa picha za safari ya miaka kumi.

Halafu kuna neno "wastani" lenyewe. Tuchukue wahitimu tisa wanaolipwa kwa mwaka, kwa maelfu ya sarafu yoyote mtakayo: 18, 18, 20, 22, 24, 25, 26, 28 na 110. Huyo wa mwisho aliajiriwa na kampuni ya uwekezaji kuandika modeli za bei. Wastani wao ni 32.3. Wanane kati ya tisa wako chini ya wastani huo. Mediani, yaani mshahara wa yule aliye katikati ukiwapanga kutoka wa chini hadi wa juu, ni 24. Idara za fizikia ni ndogo. Mwaka mmoja unaweza kuhitimisha watu 15 na wakajibu saba. Kwenye kundi dogo namna hiyo mtu mmoja anatosha kupotosha takwimu nzima, na kwa kawaida wanaojibu dodoso ni wale ambao mambo yamewanyookea. Aliyekaa nyumbani bila kazi hana hamu ya kufungua barua pepe ya idara.

2. Deni linatajwa kwa kiasi kilichokopwa badala ya kiasi kitakachodaiwa

Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, kwa hiyo mturuhusu twende hatua kwa hatua.

Mwanafunzi anakopa 7,500 kila mwaka kwa miaka minne. Amekopa 30,000, na hicho ndicho anachokikumbuka. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka na inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka. Mkopo wa mwaka wa kwanza utakuwa umezaa riba ya miaka minne, yaani 1,800. Wa pili 1,350. Wa tatu 900. Wa nne 450. Siku anavaa joho, riba peke yake imefika 4,500. Anapewa miezi sita ya kutafuta kazi kabla ya kuanza kulipa, na miezi hiyo nayo inazaa 900. Riba yote inaongezwa kwenye deni, na tarehe ya rejesho la kwanza anadaiwa 35,400.

Akilipa kwa miaka 10, rejesho ni kama 393 kila mwezi, na jumla yake inazidi 47,000. Sasa rudini kwa yule wa katikati wa hoja ya kwanza, anayepata 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Rejesho linakula karibu moja ya tano ya mshahara ambao hata haujakatwa kodi. Yule wa 18,000 anabaki na hali mbaya zaidi, na wao ni wawili.

"Basi aongeze muda." Sawa. Tuangalie kinachotokea kwenye kila 30,000 ya salio. Kwa miaka 10, rejesho ni 333 kwa mwezi na jumla ni kama 39,970. Kwa miaka 25, rejesho linashuka hadi 193, lakini jumla inafika karibu 58,000. Mzigo wa mwezi umepungua kwa asilimia 42, na riba imekaribia mara tatu. Hatusemi muda mrefu ni kosa. Kwa mwenye kipato kidogo pengine ndio pekee unaowezekana. Tunasema aione hesabu kabla, asije akagundua kwenye taarifa ya mkopo.

Kuna kingine wanachokikosa. Ndani ya mkopo mmoja mnaweza kuwa na masharti mawili. Katika mikopo ya serikali ya Marekani, kwa mfano, wenye uhitaji huweza kupata sehemu ambayo riba yake hailipwi na mwanafunzi akiwa chuoni, na sehemu nyingine ambayo riba inakwenda tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi yuleyule anazo zote mbili. Akipata vihela vya kazi za likizo, sehemu ya pili ndiyo ya kulipa kwanza. Ni nani kwenye idara zenu anayemwambia?

3. Mwaka wa ziada hauko kwenye hesabu, na fizikia ina namna yake ya kuuzalisha

Masomo ya fizikia yanategemeana mfululizo. Bila kalkulasi ya mwaka wa kwanza huingii kwenye umakanika wa ngazi ya pili; bila huo na hisabati ya vekta huingii kwenye sumakuumeme; bila hivyo hufiki fizikia ya kwanta. Kila moja hufundishwa mara moja tu kwa mwaka kwa sababu wahadhiri ni wachache. Mwanafunzi akifeli somo moja la muhula wa kwanza, anangoja miezi kumi na miwili lirudi, huku masomo matatu ya mbele yakiwa yamefungwa. Amefeli somo moja, amepoteza mwaka mzima.

Bei yake ni hii. Kwa mfano wetu uleule, mwaka wa tano unapandisha mkopo hadi 37,500, na riba iliyorundikana hadi siku ya kuanza kulipa ni 7,875. Deni la kuanzia linakuwa 45,375 badala ya 35,400, na rejesho la mwezi linatoka 393 hadi 504. Hiyo ni robo ya ule mshahara wa 2,000. Na bado hatujahesabu mshahara wa mwaka mmoja ambao angekuwa ameshaanza kuupokea.

Wanaoumia kuliko wote ni wanaoacha. Huyo ana deni la miaka miwili, hana cheti, na hatokei kwenye takwimu zenu za mishahara kwa sababu hakuhitimu. Anayehamia uhandisi baada ya mwaka wa pili naye hutambuliwa masomo machache tu kati ya aliyokwisha kufaulu. Mara nyingi hisabati hukubaliwa, maabara za fizikia hukataliwa. Mnajua asilimia ya wanaomaliza kwa muda uliopangwa. Iko kwenye mafaili yenu. Iandikeni.

4. "Shahada ya fizikia inafungua milango yote"

Haifungui yote, na milango iliyofungwa inajulikana kwa majina.

Uhandisi kwanza. Usajili wa wahandisi katika nchi nyingi unadai shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa; makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi hutambuliana shahada za uhandisi, yanahusu programu za uhandisi tu, na shahada ya kawaida ya fizikia haimo. Mhitimu wa fizikia anaweza kuajiriwa akafanya kazi za kihandisi, na wengi wanafanya vizuri, ila kutia saini michoro inayodai mhandisi aliyesajiliwa ni jambo jingine. Na kabla ya kufika huko, mfumo wa kompyuta unaochuja maombi unaweza kumtupa nje kwa kukosa neno "uhandisi" kwenye jina la shahada.

Pili, fizikia ya tiba, ambayo mnaipenda sana kwenye picha zenu: mashine ya mionzi, koti jeupe. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki unataka shahada ya uzamili katika fani hiyo, kisha mafunzo ya vitendo hospitalini yasiyopungua miaka miwili chini ya usimamizi. Hesabuni: minne, jumlisha miwili, jumlisha miwili. Nafasi za mafunzo hayo hospitalini ni chache kuliko waombaji.

Ualimu unataka sifa ya elimu juu ya shahada. Utabiri wa hali ya hewa na jiofizikia vinawapokea wanafizikia kwa urahisi zaidi, mradi wachague masomo husika mapema. Programu za kompyuta, uchambuzi wa data, bima na fedha hazidai shahada ya jina fulani kuanza, zinadai uonyeshe unachoweza.

Hilo la mwisho liko mikononi mwenu kabisa. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye bado anapima mbembeo wa pendulumu kwa saa ya kubonyeza na kuchora grafu kwa rula. Mwenzake wa chuo kingine anaunganisha kihisio na kompyuta, anaandika programu ya Python ya kusafisha data, analinganisha data na modeli, na anaeleza ukubwa wa kosa la kipimo na lilikotoka. Vyeti vyao vinasema kitu kimoja. Mwajiri akiuliza "nionyeshe kazi yako", wa pili ana cha kufungua kwenye kompyuta. Mkopo wao ulikuwa sawa.

Na tukiwa hapo, picha za CERN, ile maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Wafizikia watafiti ni sehemu ndogo ya waajiriwa wa CERN. Wengi ni wahandisi na mafundi. Kijana anayeota kufanya kazi pale aelezwe hilo pia.

5. Uzamivu hauna ada, lakini si bure

Mnawaambia kwamba uzamivu wa fizikia hulipiwa, kuna posho, ada inasamehewa. Kwa programu nyingi ni kweli, na mnafanya vizuri kulisema, maana wapo wanaofikiri watalazimika kukopa tena. Ila uzamili wa peke yake mara nyingi haulipiwi, na tofauti hiyo mnaipitia haraka.

Mwenye deni la shahada ya kwanza akiahirisha marejesho kwa miaka sita ya uzamivu, na mkopo wake ni wa ile aina ambayo riba haisimami, ile 30,000 inazaa 10,800 nyingine hata kama riba haizalishiwi riba. Ukijumlisha na ile riba ya 4,500 ya miaka ya shahada ya kwanza, anamaliza akiwa daktari wa falsafa mwenye deni la 45,300, bila kukopa hata senti mpya. Baada ya hapo huja mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, mmoja, pengine miwili. Profesa mmoja anaweza kulea watahiniwa kumi wa uzamivu kabla hajastaafu, na akistaafu anaacha kiti kimoja. Hesabu ya wanaobaki chuoni haihitaji kalkulasi.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema elimu haipimwi kwa pesa. Tunakubali, na tungelikubali zaidi kama vipeperushi vyenu visingeanza na mshahara. Aliyetaja pesa kwanza ni ninyi.

Mtasema hamna takwimu. Uingereza huunganisha kumbukumbu za wahitimu na kumbukumbu za kodi, na kipato kinaonekana kwa somo. Marekani ina tovuti ya serikali, College Scorecard, inayoweka kipato na deni la wahitimu wa programu husika. Kwa hiyo inawezekana. Pale ambapo hakuna mfumo wa taifa, idara inaweza kuwafuatilia wahitimu wake kwa simu. Watu 15 kwa mwaka ni kazi ya siku chache.

Kundi dogo, faragha ya mtu? Unganisheni miaka mitatu au minne kwenye takwimu moja, na msichapishe kundi lenye watu chini ya kumi.

Wakurugenzi wa mikopo nao watasema marejesho hufuata kipato, kwa hiyo hakuna hatari. Inategemea kanuni. Uingereza, kwa wanafunzi wa England walioanza chuo tangu Agosti 2023, kanuni iliyoanza ni asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata 27,000 hulipa pauni 180 kwa mwaka mzima. Lakini deni hilo linaweza kumfuata miaka 40 kabla ya kufutwa. Tanzania, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi wote, hakuna sehemu iliyosamehewa kwanza. Zote mbili hufuata kipato. Mhitimu wa mshahara mdogo huishi maisha tofauti kabisa chini ya kila moja, na hiyo ndiyo sababu kanuni iandikwe kwa mfano wa tarakimu, si kwa neno "nafuu".

Mwisho mtasema tutawatisha vijana. Wapo watakaotishika, na baadhi yao walipaswa. Mwingine ataamua kuanza chuo cha bei nafuu na kuhamia mwaka wa tatu. Mwingine atachukua fizikia pamoja na kompyuta, au pamoja na elimu, au ataenda nchi kama Ujerumani ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada, akabaki na gharama za kuishi. Na mwingine ataiona hesabu yote, ataichagua fizikia hivyohivyo, na atakuwa mwanafunzi wenu bora.

Tunachoomba

Kwa idara: ukurasa mmoja, usiozidi karatasi moja, uwekwe mahali palepale ulipo mshahara. Uonyeshe mediani ya kipato cha wenye shahada ya kwanza pekee, mwaka 1, wa 5 na wa 10 baada ya kuhitimu. Robo ya chini na robo ya juu pia. Idadi ya waliojibu kati ya waliohitimu. Asilimia ya waliomaliza kwa muda, waliochukua mwaka zaidi, na walioacha. Mediani ya deni siku ya rejesho la kwanza. Na kazi ambazo shahada hii peke yake haitoshi kuzifanya. Wenye uzamili na uzamivu wapewe safu zao.

Kwa idara tena: masomo mawili au matatu yanayofunga mengine yafundishwe mara mbili kwa mwaka, au uwepo mtihani wa marudio kabla muhula unaofuata haujaanza. Hili litapunguza deni kuliko ufadhili wowote mnaoutangaza.

Kwa bodi na mifuko ya mikopo: kila mwanafunzi apewe taarifa ya deni mwisho wa kila mwaka wa masomo, ikiwa na riba iliyokwisha kurundikana, kiasi atakachodaiwa akihitimu kwa wakati, na kiasi hichohicho akichelewa mwaka mmoja. Kila aina ya mkopo iwe na mstari wake. Taarifa itumwe kabla hajatia saini mkopo wa mwaka unaofuata, maana baada ya saini haina kazi.

Kwa sasa, pale ambapo ukurasa huo haupo, sisi tutaendelea kuwaambia wanafunzi wetu waandikie idara na kuuliza maswali sita: mediani, idadi ya waliojibu, waliomaliza kwa muda, walioacha, deni siku ya kuanza kulipa, na milango iliyofungwa. Tunawashauri pia wapime hivi: deni la siku ya rejesho la kwanza lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu wa katikati. Si sheria ya maumbile, ni kipimo cha kukadiria, lakini kwenye mfano wetu linasoma 35,400 kwa 24,000, na mwanafunzi anaona mwenyewe pa kupunguza.

Tunaomba ukurasa huo uwe umechapishwa kabla ya dirisha lijalo la udahili kufunguliwa. Idara itakayohitaji msaada wa kuandaa dodoso au kukokotoa marejesho, tuko tayari kukaa nayo.

Wenu,

Walimu wa fizikia na washauri wa masomo